Shajara ya Mradi: Kukusanya Tovuti na Blogu za Wagombea wa Lindi na Mtwara

Januari 2026

Mradi huu umeanza kwa sababu iliyo wazi. Kuanzia uchaguzi wa 2010 hadi ule wa Oktoba 2025, wagombea ubunge na udiwani wa mikoa yetu miwili wamekuwa wakifungua tovuti na blogu za kampeni, wakiandika humo ahadi zao, kisha wakaziacha. Mtu akitaka leo kujua mgombea wa jimbo lake aliahidi nini mwaka 2015 kuhusu maji, barabara au korosho, hana pa kwenda ila kwenye kumbukumbu za wazee na mabango yaliyokwisha kupauka. Sisi wachache wa hapa Mtwara mjini, wengi wetu tukiwa mafundi wa kompyuta, pamoja na mwalimu mmoja mstaafu wa historia, tumeamua kukusanya kilichobaki, kukihifadhi, na kueleza kwa maandishi kwa nini kazi hizi zilifanywa vibaya kiasi hiki. Nitaandika humu kila kazi inapopiga hatua.

Mipaka tumeiweka mapema ili kazi isitushinde. Tunakusanya za Lindi na Mtwara pekee, kuanzia Kilwa hadi Nanyumbu. Tunakusanya za vyama vyote, za walioshinda na za walioshindwa, pamoja na za watia nia ambao hawakuvuka kura za maoni. Na hatutoi hukumu juu ya sera ya mtu yeyote. Tunachopima ni iwapo mpiga kura aliyeufungua ukurasa ule alitoka na jambo la kumsaidia kuamua, na iwapo angeweza kulirejea baada ya uchaguzi.

Kutafuta kwa Google kumetupa kidogo sana, kwa hiyo tumeanza na karatasi. Vipeperushi na kalenda za kampeni bado zimebandikwa kwenye vibanda vya chipsi, saluni na ofisi za vyama vya msingi vya ushirika, na chini kabisa ya baadhi yake, kwa herufi ndogo, kuna anwani ya tovuti. Kipeperushi kimoja cha 2015 tulichokikuta Mikindani kina picha nzuri ya mgombea akiwa ufukweni, lakini anwani yake imechapwa ikiwa na nafasi katikati ya jina na bila nukta ya mwisho, maana yake ni kwamba aliyeiandika kama ilivyo hakufika popote, hata wakati kampeni zikiwa zimepamba moto. Inaonekana hakuna mtu kwenye timu ile aliyejaribu kuifungua tovuti kwa kufuata karatasi yao wenyewe kabla ya kupeleka kazi kiwandani.

Kosa la namna hiyo limewapata hata wenye fedha nyingi. Tarehe 6 Oktoba 1996, katika mdahalo wa urais wa Marekani, Bob Dole alihitimisha kwa kuwatajia watazamaji anwani ya tovuti yake, akairuka nukta iliyo kabla ya "org". Tofauti iliyopo ni kwamba tovuti ile ya Dole na mgombea mwenza wake, Jack Kemp, imetunzwa na watu hadi leo na inasomeka, na Maktaba ya Bunge la Marekani imekuwa ikihifadhi tovuti za kampeni kwa utaratibu maalumu tangu uchaguzi wa 2000. Kwetu, anwani iliyokosewa na iliyoandikwa sawasawa zimeishia mahali pamoja.

Februari

Anwani nyingi tulizozikusanya hazifunguki. Sababu inajirudia karibu kila mahali, nayo inastahili kuelezwa kwa kirefu.

Kampeni za 2015 zilianza tarehe 22 Agosti na za 2020 zilianza tarehe 26 Agosti. Mgombea, au tuseme mpambe wake, humwendea fundi wiki chache kabla ya hapo, kila kitu kikiwa cha haraka. Fundi hununua jina la tovuti kwa mwaka mmoja, kwa kuwa hiyo ndiyo bei ya chini, na hulinunua kwa barua pepe yake na kadi yake ya benki, kwa kuwa mgombea yuko kwenye misafara na hana nafasi ya mambo hayo. Mwaka unaofuata, mwezi wa saba au wa nane, taarifa ya kulipia inamfikia fundi ambaye hana tena makubaliano na mtu yeyote, na ambaye pengine bado anadai fedha zake. Kwa majina yanayoishia .com, muda ukishapita msajili hutoa nafasi ya kulipa kwa kuchelewa, kisha zinafuata siku 30 ambazo jina linaweza kukombolewa kwa ada kubwa zaidi, kisha siku 5 za kusubiri kufutwa. Baada ya hapo linarudi sokoni na yeyote anaweza kulichukua. Majina yanayoishia .tz nayo hulipiwa kwa muda maalumu na hupotea yasipolipiwa.

Kwa hiyo tovuti ya kampeni ya Agosti hufa Agosti ya pili yake, wakati mbunge aliyechaguliwa hajamaliza hata mwaka mmoja bungeni. Hakuna aliyepanga kuficha ahadi. Zinafutika zenyewe kwa sababu ya malipo ambayo ni madogo mno ukiyalinganisha na fedha za mafuta ya msafara wa siku moja kutoka Masasi hadi Mangaka.

Baya zaidi ni pale jina linapookotwa na mtu mwingine. Anwani yenye jina kamili la mtu aliyewahi kugombea katika mojawapo ya majimbo ya Mtwara sasa inafungua ukurasa wa kamari ulioandikwa kwa lugha ya kigeni, na mwenye jina hakujua mpaka tulipomwonyesha. Marekani waliliona hili katika kinyang'anyiro cha 2015, pale mtu aliyeandika jebbush.com akimtafuta Jeb Bush alipopelekwa moja kwa moja kwenye tovuti ya mpinzani wake, Donald Trump, na pale carlyfiorina.org ilipochukuliwa na mtu aliyeijaza alama 30,000 za nyuso zenye huzuni, moja kwa kila mfanyakazi aliyepunguzwa kwenye kampuni ya kompyuta ya HP wakati Carly Fiorina akiiongoza kampuni hiyo. Jina la mgombea ni mali yake ya kwanza mtandaoni, na linapaswa kusajiliwa kwa jina lake mwenyewe, kwa barua pepe anayoifungua mwenyewe, kwa miaka mingi kadiri msajili anavyoruhusu. Ushauri huu tutauandika kwenye ukurasa wa kwanza wa mwongozo wetu.

Wakati huohuo tumekutana na jambo ambalo hatukulitarajia: blogu za bure ziko hai. Mgombea udiwani ambaye hakuwa na fedha ya fundi, akamwomba mtoto wa dada yake amfungulie blogu kwenye Blogspot, huduma ya bure ya Google, ameacha kumbukumbu inayosomeka hadi leo, ilhali mgombea ubunge wa jimbo lake, aliyelipia tovuti yenye picha zinazojisogeza zenyewe, hana hata mstari mmoja uliosalia. Blogu hizi ni chakavu. Rangi zake zinagombana, maandishi mengine ni ya manjano juu ya nyeupe, na pembeni kuna saa, kalenda na kihesabu wageni ambavyo havifanyi kazi tena. Lakini zipo, na kwa mradi huu kuwapo ni sifa kubwa kuliko uzuri.

Hata hivyo, hatuwezi kuzitegemea. Mei 2023 Google ilitangaza kwamba akaunti ambazo hazijatumiwa kwa miaka miwili zinaweza kufutwa, kuanzia Desemba mwaka huo, na wengi wa wenye blogu hizi walishasahau hata neno la siri. Ndiyo maana tumeziweka mbele ya kila kitu. Kwa kila blogu tunachukua kwanza mlisho wake wa machapisho na mlisho wake wa maoni, yaani faili zenye maandishi yote kwa mfuatano, kwa kuwa Blogspot huziacha wazi kwa umma, kisha tunaupitia ukurasa mmoja mmoja kwa ArchiveWeb.page, programu ya kunakili kurasa za mtandao, ili tupate nakala yenye picha na mpangilio wake ulivyokuwa, na mwisho tunaiwasilisha anwani kwa Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani ya shirika la Internet Archive, ili nakala nyingine ikae mbali na sisi. Umeme wa Mtwara ukituangusha au diski ikiharibika, kazi isipotee.

Machi

Mwezi huu umekuwa wa kusoma. Mwalimu ndiye aliyesisitiza kwamba tusikusanye tu kama watu wanaojaza ghala, bali tusome kila chapisho hadi mwisho, na alikuwa na haki.

Blogu nyingi zina mwenendo unaofanana. Chapisho la kwanza ni la kuchukua fomu. Yanafuata machapisho ya mikutano, karibu yote yakiwa picha tupu za umati zenye maelezo ya mstari mmoja ambayo hayataji kijiji wala kilichosemwa. Katikati kuna habari zilizonakiliwa kutoka blogu kubwa za Dar es Salaam, za mambo ya kitaifa ambayo mkazi wa Liwale au Nanyamba angeyapata kwingine kwa urahisi zaidi. Chapisho la mwisho ni la kuwaalika wananchi kwenye mkutano wa kufunga kampeni, na baada ya hapo hakuna neno. Ukimya wa aliyeshindwa ninauelewa, maana uchaguzi unaumiza mfuko na moyo. Ukimya wa aliyeshinda unanisikitisha, kwa sababu ndiye aliyekuwa na miaka mitano ya kuandika.

Blogu moja ya mgombea wa upande wa uwanda wa juu wa Wamakonde imetushughulisha kuliko zote. Kule juu ardhi ni ya mchanga, mito hakuna, na maji husukumwa kutoka mabondeni, yakiwamo ya chanzo cha Mitema, kwa hiyo hakuna mgombea anayepanda jukwaani bila kuyataja. Mgombea huyu aliandika aya mbili kuhusu maji, zilizo bora kuliko chochote tulichokiona kwingine, kwa kuwa alitaja vijiji kwa majina na akaeleza bomba linaishia wapi. Chini yake kuna maoni ya wasomaji. Mmoja anauliza kama kijiji chake kimesahauliwa au kimeachwa kwa makusudi. Mwingine anaeleza bei ya ndoo mwezi wa tisa na anaomba ajibiwe kabla ya siku ya kura. Mtu yuleyule wa kwanza amerudi baada ya uchaguzi, akauliza tena swali lake kwa maneno machache zaidi. Hakuna jibu hata moja. Baada ya hapo yamejazana matangazo ya mikopo na ya waganga wa kienyeji, yaliyobandikwa na watu ambao bila shaka hawakusoma aya hata moja.

Kwangu maoni yale matatu yana thamani kuliko tovuti zote zilizopotea. Watu hawa walilipa bando, wakaandika kwa simu ndogo, wakimwandikia mtu waliyeamini kwamba anasoma. Anayefungua mahali pa kupokea maoni ameahidi kusikiliza, na ahadi hiyo inafunga kama zile za jukwaani. Asiyeweza kuitimiza ni heri afunge sehemu hiyo na aweke namba ya ofisi.

Haki inataka niandike pia sababu ambayo haikuwa ya wenye blogu. Mwaka 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka mwenye blogu awe na leseni, kwa ada ya shilingi milioni 1 ya leseni na kiasi kama hicho kila mwaka, ukiacha ada ya maombi. Kanuni hizo zimerekebishwa baadaye, lakini kwa diwani wa kata ya Newala ambaye blogu yake haikuwahi kumwingizia hata senti, kuacha kuandika mwaka ule kulikuwa uamuzi wa kueleweka. Blogu kadhaa zilizokuwa zinajikongoja zimenyamaza katika miezi ileile. Hizo tumeziwekea alama tofauti kwenye orodha yetu, ili zisihesabiwe pamoja na zilizotelekezwa siku moja baada ya kura.

Machi, mwishoni

Nimekwenda Lindi kuonana na fundi aliyewahi kutengeneza tovuti za wagombea wa vyama zaidi ya kimoja. Ana duka la steshenari, anachapa, anatoa kopi, na kwenye kona ana kompyuta ambayo imetengeneza kampeni nyingi kuliko ofisi yoyote ya matangazo ninayoijua. Alinipokea vizuri, akaniwekea kiti, na nilipomwuliza kwa nini tovuti moja ya 2020 ilizinduliwa ikiwa na maneno ya Kilatini ya kujazia nafasi, hakukasirika.

"Kaka, mimi nilisubiri maneno," alisema. "Picha zililetwa siku ya kwanza. Nembo ikaletwa. Wakataka picha ya juu ijigeuze, nikaigeuza. Nikawaambia nileteeni sera za mheshimiwa niziweke. Kila nikipiga simu naambiwa meneja wa kampeni anaandika. Mpaka tunapiga kura hakuna karatasi niliyoletewa."

Nikamwuliza kama alilipwa.

"Nusu. Nusu nyingine ilikuwa baada ya ushindi."

Mgombea alishindwa, na nusu ile ikafa naye. Fundi amehifadhi nakala ya kila tovuti aliyowahi kuitengeneza, na baada ya kuwasiliana na wahusika ameturuhusu tuchukue zile ambazo wenyewe wameridhia. Kwenye nakala ya tovuti ile, nyuma ya picha za mheshimiwa, bado kuna chapisho la mfano ambalo WordPress huliweka lenyewe siku programu inaposimikwa, likiisalimu dunia kwa Kiingereza. Ndilo chapisho pekee lililomo.

Mazungumzo haya yamenibadilisha mtazamo. Tulianza mradi tukidhani tatizo ni ufundi, na ndivyo wengi wanavyosema: tovuti zetu mbaya kwa sababu mafundi wetu hawajui. Si kweli. Fundi huyu anajua kazi yake. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa chini na kuandika kurasa mbili za Kiswahili safi zinazosema mgombea atafanya nini Mtama, Nachingwea au Ruangwa, kwa utaratibu upi na kwa fedha ipi. Pasipo maneno hayo, hakuna namna fundi angeweza kuitengeneza tovuti nzuri, awe wa Lindi au wa London. Nimependekeza kwa wenzangu kwamba mwongozo wetu uanze na uandishi, na ufundi ufuate.

Aprili

Makosa ya ufundi hata hivyo yapo, na tumeyaandika tulivyoyakuta kwenye nakala zilizopona.

Picha za mikutano zimepandishwa kama zilivyotoka kwenye kamera, za megabaiti nne au tano kila moja, kisha zikapunguzwa kwa kuonekana tu, si kwa uzito. Ilani imewekwa kama faili la PDF la mamia ya kurasa lililotengenezwa kwa kupiga picha karatasi, kiasi kwamba mtu hawezi kutafuta neno "korosho" ndani yake hata akifanikiwa kulipakua. Vichwa vya kurasa ni vya Kiingereza, wakati mgombea mwenyewe hajahutubia Kiingereza hata siku moja. Tovuti moja ya 2015 ina saa ya kuhesabu siku zilizobaki kabla ya tarehe 25 Oktoba, ambayo kwenye nakala yetu imesimama kwenye sifuri na inachukua nusu ya skrini. Nyingine ina fomu inayomtaka msomaji ajaze jina, kijiji, namba ya simu na namba ya kadi ya mpiga kura, kwenye ukurasa usiosimbwa, bila kueleza taarifa hizo zinakwenda wapi. Tulipofuatilia, zilikuwa zinatumwa kwenye barua pepe binafsi ya mtu ambaye hayumo tena kwenye siasa.

Tulichukua nakala chache tukazifungua kijijini Nanyamba, kwa simu za wenyeji na mtandao wa pale pale. Ukurasa wa kwanza wa tovuti moja ulikuwa bado unaleta picha ya juu wakati mwenye simu alipoona salio la bando linakwisha akatukatisha kwa upole. Jambo hili linaumiza zaidi ukikumbuka kalenda yetu. Kampeni hufikia kilele Septemba na Oktoba, wakati mkulima wa kusini yuko shambani anaokota korosho, na fedha hana. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika kwenye korosho mwaka 2007, korosho hupelekwa chama cha msingi, ikaenda ghala kuu, ikasubiri mnada, na malipo yakafuata baadaye. Tovuti nzito humfikia katika kipindi ambacho mia mbili ya bando ina kazi nyingine. Ukurasa wa maneno matupu, wenye picha moja ndogo, ungemfikia kwa gharama ambayo asingeihisi.

Uchaguzi wa 2025 umetuachia kidogo zaidi kuliko wa 2015. Wagombea wengi hawakufungua tovuti kabisa. Walitegemea makundi ya WhatsApp, Facebook na Instagram. Mtandao wa X ulikuwa haufunguki nchini tangu Mei mwaka huo, na siku ya kupiga kura, tarehe 29 Oktoba, intaneti ilikatika nchi nzima ikabaki hivyo kwa siku kadhaa. Ahadi iliyotumwa kama sauti kwenye kundi la kata imeondoka na simu za waliokuwamo. Tumeanza kuwaomba watu watupe walichonacho, lakini hapa kazi ni ya kubahatisha.

Mei

Sasa nakala zimefikia kiasi cha kulinganishwa. Tumechagua jambo moja la kuanzia, barabara ya Mtwara hadi Masasi kupitia Tandahimba na Newala, yenye urefu wa kilomita 210. Kila mtu wa huku anaijua. Kipande cha Mtwara hadi Mnivata, kilomita 50, ndicho kilichotangulia kuwekwa lami, na kilomita 160 zilizobaki zilingoja. Ukiweka sentensi za wagombea tofauti wa chaguzi tofauti pamoja, unaona namna ahadi inavyosogea: mwanzoni ni "itajengwa", kisha "upembuzi utakamilika", kisha "nitaisimamia serikali", kisha inatajwa kipande kwa kipande. Wengine walisema kweli tangu mwanzo, wakakiri kwamba mbunge hajengi barabara bali huisemea. Hao wanastahili heshima, na bila nakala hizi hakuna ambaye angejua kwamba walisema hivyo. Wengi wao walishindwa uchaguzi.

Jambo hili ndilo linalonipa nguvu ya kuendelea. Kumbukumbu humlinda mgombea mkweli sawasawa na inavyombana mdanganyifu.

Wapo wanaotaka kurasa zao ziondolewe. Mama mmoja aliyegombea kata ya Lindi alitupigia baada ya kusikia habari zetu.

"Mwanangu, yale niliyaandika sina uzoefu. Wakiyasoma sasa watanicheka."

"Shikamoo mama. Hakuna atakayekucheka. Uliandika kuhusu wodi ya wazazi na choo cha shule, na shule ile sasa ina choo."

Alinyamaza kidogo, akataka nimsomee. Nikamsomea chapisho zima kwa simu. Aliruhusu libaki, akaomba tu tuondoe namba ya simu ya mumewe, na tumeiondoa.

Msimamo wetu umekuwa huu. Maneno ambayo mgombea aliyatoa kwa umma akiomba kura ni ya umma na yatabaki. Taarifa za watu binafsi, yaani namba za simu, majina kamili ya waliotoa maoni, picha za watoto kwenye mikutano, zinafunikwa kabla nakala haijaonyeshwa, kwa kuzingatia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kazi ya kufunika ni ya mkono na inachosha, lakini hatutaacha hata ukurasa mmoja uende bila kupitiwa na watu wawili.

Tumejadili pia iwapo mgombea anaweza kutuzuia kabisa. Uingereza walipata somo lao Novemba 2013, ilipobainika kwamba chama cha Conservative kimeondoa kwenye tovuti yake hotuba za miaka ya kabla ya uchaguzi wa 2010, na kwamba faili la robots.txt la tovuti hiyo, linaloziambia programu za kukusanya kurasa zisiguse nini, limesababisha nakala za Internet Archive nazo zisionekane. Hifadhi moja haitoshi. Nakala zetu zitakaa kwenye diski mbili Mtwara, moja Lindi, na moja nje ya mikoa hii.

Juni

Kiolezo cha tovuti ya mgombea kimekamilika na kimeanza kujaribiwa. Kina ukurasa mmoja wenye majina ya kata zote za jimbo, na chini ya kila kata nafasi ya ahadi, tarehe iliyotolewa, na mstari wa hali yake ilipofikia. Hakina picha zinazojigeuza wala saa ya kuhesabu. Ukurasa mzima, pamoja na picha ya mgombea, hauzidi kilobaiti 100. Cheti cha usalama ni cha Let's Encrypt, ambacho hakina gharama, na tumekitega kijihuishe chenyewe kwa kuwa hudumu siku 90 tu. Mwongozo unaoambatana nacho una fomu ya maswali ambayo meneja wa kampeni anapaswa kuyajibu kwa maandishi kabla fundi hajagusa kompyuta, na ndani yake tumeweka kifungu kinachosema kwamba malipo ya jina la tovuti kwa miaka mitano yanatolewa siku ya kwanza, yakiwa mbali na ujira wa fundi. Fundi wa Lindi amekipitia, akatuongezea swali la nani atajibu maoni uchaguzi ukiisha, na atajibu kila baada ya muda gani.

Madiwani wawili walioko madarakani, wa vyama tofauti, wamekubali kukitumia kuanzia mwezi ujao. Tumeanza nao kwa makusudi sasa hivi, mbali na kelele za 2030, ili tuone kama mtu anaweza kuendelea kuandika wakati hakuna kura inayoombwa. Yaliyobaki kwa robo hii ni kuzisoma DVD za kampeni za 2010 zilizoletwa kutoka Liwale, ambazo baadhi zina mikwaruzo, na kumtafuta mwenye blogu ya uwanda wa juu, ili apewe maswali yake matatu ya maji akiwa bado anaweza kuyajibu.